Awino Huanguka

Siku nilipojua mkono wa Awino umeharibika, nilianza kwa kumgombeza. Nilikuwa nimemletea njugu kutoka Karungu, zimekaangwa vizuri, nikazishika kwa mkono nimmiminie, naye akanikingia kiganja cha kushoto. Kwetu mtu hapokei kitu kwa mzazi wake kwa mkono wa kushoto, labda kama ana neno naye. Nikamuuliza ameanza lini utovu huo wa adabu, ama ni mji umemfundisha. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyechoka kujieleza, akasema, "Wa kulia haugeuki, Mama."

Nilidhani ananitania. Nikamshika kifundo cha mkono nimgeuze kiganja kitazame juu, kikagoma. Mkono wote ulikuwa umelala tumboni, kiwiko kimebana ubavu, kama mtu aliyebeba mayai kwenye leso. Nilipousukuma nje kidogo alipiga ukelele, jirani akaja kuchungulia mlangoni.

Awino ni binti yangu wa pekee. Ana miaka ishirini na minane, na ni msusi katika saluni ya Pamela mjini Migori. Kazi ya msusi inataka mikono miwili, macho, na umbea kidogo. Awino alikuwa amebaki na macho na umbea. Wiki tano nzima alikuwa anawaketisha wateja chini kwenye mkeka ili avifikie vichwa vyao bila kuinua mkono, na kichwa chake mwenyewe alikifunga kitambaa kwa sababu hakuweza kujichana. Pamela si mtu mbaya, lakini alikuwa ameshasema: mkono usipopona kabla ya likizo ya Agosti, wateja wanapofurika, kiti chake atapewa msusi mwingine.

"Imekuwaje?" nikamuuliza, ingawa moyoni nilijua.

"Nilianguka."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na hukuniambia?"

"Si nimekuambia sasa."

Neno hilo, kuanguka, ndilo lililotumaliza, kwa hiyo nilieleze. Kwetu Karungu, ukisikia fulani huanguka, hakuna anayezungumzia utelezi. Ni kifafa kinachosemwa, ila msemaji hataki kukitaja. Kidholuo kina jina lake, ndulme, na jina hilo ni zito. Anayelitamka hupunguza sauti na kuangalia kwanza kama kuna watoto karibu. Ndiyo maana tunasema tu kwamba huanguka. Aliyeelewa ameelewa, na kikombe cha mgonjwa kinaanza kutengwa kimya kimya.

Awino alianza akiwa na miaka tisa. Tulikuwa ufukoni tunaanika omena, dagaa wa ziwani, wanawake kama ishirini, tunacheka. Mtoto alipokakamaa na kuanza kutikisika, wote walirudi nyuma. Hakuna aliyemgusa, kwa sababu wanaamini povu lile huambukiza. Wengine niliwasaidia kuzaa, na siku hiyo walinitazama kama mgeni. Nilibaki mimi, mtoto wangu na omena. Nikawakasirikia watu, na hasira hiyo sijaiacha mpaka leo. Niliapa hakuna atakayesikia neno lile kutoka nyumbani kwangu tena. Dawa nilimtafutia mbali, tusikojulikana, zikamtuliza. Nilizitia kwenye kopo la majani ya chai, nikamfundisha: ukiulizwa, sema huanguka, kisha unyamaze. Alikuwa mtoto mtiifu. Alinitii miaka kumi na tisa.

Wenye methali husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hata kifo sikukingoja. Niliumbuliwa na bega.

Miaka miwili iliyopita aliolewa na Ondieki, fundi wa mjengo, Mkisii, mtu mpole anayecheka baada ya wengine kumaliza kucheka. Kabla ya harusi Awino aliniuliza, "Mama, nimwambie?" Nikamjibu, "Mwambie unaanguka." Akamwambia hivyo hivyo. Ondieki akamjibu, "Hata mimi huanguka. Kwetu ni milima na matope." Awino alinisimulia hayo huku akicheka, nami nikacheka mpaka machozi. Nikasema basi, ameambiwa, dhambi si yetu tena.

Lakini waliishi chumba kimoja, na chumba kimoja hakina pa kufichia kopo. Dawa akawa anazimeza Ondieki akitoka, halafu siku nyingine anasahau, halafu akaacha kabisa. Kifafa kikarudi. Kilimjia alfajiri, mume akishaenda mjengo. Ondieki akirudi jioni alimkuta ulimi umevimba na michubuko mwilini, na kila mara aliambiwa lile neno: nilianguka bafuni.

Mwezi wa pili kilimjia kikali. Alipozinduka, mkono ulikuwa umeshajikunja hivyo. Alikwenda peke yake kwenye zahanati, wakamuuliza imekuwaje, akasema alianguka. Akadungwa sindano ya maumivu na kufungiwa kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni. Baada ya kisa cha njugu nilimpeleka mwenyewe kwenye kliniki nyingine yenye eksirei. Kijana mmoja alimpiga picha kwa mbele, akaiinua dirishani, akasema mfupa haukuvunjika, tatizo ni kuogopa kuutumia, aende afanye mazoezi. Mazoezi! Akafanya, analia, ananyoosha mkono ukutani, na mkono hausogei. Kisha nikafanya kosa langu mwenyewe. Nilimpeleka kwa mzee wa kukanda huko Ndhiwa, akampaka samli na kumvuta mkono mpaka akazimia, akasema mishipa imepandana. Nilimlipa na kumshukuru.

Kote huko swali lilikuwa moja na jibu moja. Na kote nilipokuwepo nilikaa kando, mkoba magotini, mdomo nimefunga.

Basi mwezi wa tano tukaenda hospitali kubwa Homa Bay. Ondieki aliomba ruhusa kazini, akavaa shati safi, akakaa kwenye benchi akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu, kama inavyompasa mkwe. Nilikuwa nimechoka. Sisemi kuchoka kwa safari. Nilichoka mifupa, nilichoka kusubiri kuitwa, nilichoka kusikia binti yangu akivuta pumzi kila mtu anapompita karibu na bega.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke mdogo, anaitwa Nyamusi, viatu amevikanyaga visigino kwa uchovu. Alimsalimia Ondieki kwa Kikisii, wakataja kijiji fulani, wakacheka. Nikaona vema, huyu ametupenda. Kisha akamgeukia Awino.

"Nyoosha mikono yote miwili kama unaomba jirani chumvi."

Kiganja cha kushoto kiliomba chumvi. Cha kulia kilibaki kimetazama chini. Daktari akamshika kiwiko, akajaribu polepole kuugeuza mkono nje, ukakwama pale pale. Akapapasa bega kwa mbele, ambako palikuwa pamebonyea, kisha akalipapasa kwa nyuma, na nyuma palikuwa na nundu ambayo sisi sote miezi mitatu hatukuiona, kwa sababu nani humtazama mtu bega kwa nyuma?

"Ulianguka aje?" akauliza.

"Nilianguka tu."

"Ulianguka na mbele ama na nyuma? Ulijishikilia na mkono?"

"Sijui, daktari."

"Hujui? Uliteleza ukiwa umesimama, na hujui uliangukia wapi?" Akasubiri. "Ulishikwa na stima?"

"Hapana," akajibu Ondieki. "Bafu yetu haina hata balbu."

Daktari akaangalia alama za michubuko kwenye mikono ya Awino, za zamani na mpya. Akauliza ni mara ngapi anaanguka. Awino akasema mara nyingi. Hapo uso wa daktari ulibadilika. Akamtazama Ondieki, na kicheko cha kijiji kilikuwa kimekwisha.

Ondieki si mjinga. Aliona anavyotazamwa. "Daktari," akasema, "bibi yangu anaanguka sana, ni kweli. Hata ile sakafu nimeikwangua na patasi mara mbili ndio asiteleze. Nimemuwekea chuma ya kushikilia ukutani. Viatu nilimnunulia zile za soli ya mpira. Uliza Mama."

Daktari akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nilikuwepo siku moja anaikwangua ile sakafu. Nilimkuta amepiga magoti, jasho linamtiririka, anapiga saruji nukta nukta ili mke wake asiteleze, nami nilijua anapigana na neno. Nikamchemshia chai, nikamwambia kazi nzuri.

"Sawa," akasema daktari. "Bwana Ondieki, ngoja nje kidogo na Sista Risper."

Nesi huyo, mama mnene asiyetaka mchezo, alimtoa na kuurudisha mlango nyuma yao. Daktari akavuta kiti chake karibu.

"Awino, hapa tumebaki wanawake. Huyu bwana anakupiga?"

"Hapana."

"Mkono kama huu haukuji kwa kuteleza. Kuna kitu ilivuta huu mkono kwa nguvu sana. Kama anakupiga, niambie ukiniangalia macho."

Lakini Awino hakumwangalia daktari. Aliniangalia mimi. Mwanamke mzima, mke wa mtu, alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni mgeni akimuuliza kitu, anangoja nimpe ruhusa ya kujibu. Siku zote nilidhani anaficha kwa sababu anaogopa kuachwa. Nikaona pale kwamba anaficha kwa sababu sijamwambia aache.

Na mimi nilinyamaza. Nalisema hili kwa sababu nimechoka pia kulibeba. Nilinyamaza, nikafikiri: acha aitwe mpiga mke. Mpiga mke huitwa na wazee, akatozwa mbuzi, akaomba msamaha, watu wakasahau. Kifafa watu hawasahau. Nilimpima mkwe wangu na neno moja, nikaona mkwe ni mwepesi. Mungu ananiona.

Kisha nikamsikia Ondieki nje ya mlango. Hakuwa anapiga kelele. "Sijawahi, Sista," alikuwa anasema. "Hata siku moja. Sijawahi." Alirudia hivyo mara nne au tano, sauti ikizidi kushuka, kama mtoto aliyeambiwa ameiba.

"Ni kifafa," nikasema.

Daktari akageuka. "Nini?"

"Ana kifafa. Tangu akiwa na miaka tisa. Dawa aliacha."

Nilingoja arudi nyuma. Hakurudi nyuma. Aliegemea kiti, akafumba macho kidogo, akatoa pumzi ndefu. "Mama," akasema, "miezi mitatu hii yote mnaambia watu ameanguka?"

"Kwetu ndivyo tunavyosema."

"Na huyu kijana hapo nje anajua ndivyo mnavyosema?"

Nikautazama mlango.

Alimpeleka Awino kupigwa picha upya, safari hii kwa ubavu, mkono umetengwa kidogo na mwili. Kilio chake nilikisikia nikiwa bado chumbani kwa daktari. Waliporudi, daktari alinionyesha. Hata mimi nisiyejua kusoma picha niliona: kichwa cha mfupa kimetoka mahali pake, kimekwenda nyuma, kimenasa kwenye ukingo wa tundu lake. Akanieleza kwamba mtu akiteleza na kuanguka, bega likitoka, mara nyingi hutoka kwa mbele, na picha ya mbele huonyesha. Kifafa kikikaza misuli yote kwa pamoja, ile yenye nguvu zaidi huuvuta mfupa nyuma, na picha ya mbele inaweza kudanganya.

"Mngesema kifafa siku ya kwanza," akasema, "yeyote anayejua angetafuta nyuma. Huenda ungerudishwa siku hiyo hiyo, bila kisu."

"Na sasa?"

"Sasa ni oparesheni. Na kabla ya hiyo lazima kifafa itulie, ameze dawa kila siku, bila kujificha. La sivyo, tukirudisha, itatoka tena."

"Atasuka?"

"Anaweza kusuka. Mkono kama ule wa kwanza, siwezi kuahidi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningepata pa kuelekeza hasira yangu. Niliitafuta, nikakuta imechoka kuliko mimi.

Kulibaki jambo la Ondieki. Nikaanza kulipanga, kama kawaida yangu. Nikamwambia Awino kwa Kidholuo kwamba tusimwambie hapa, tungoje nyumbani, tuanze polepole, tuseme labda ni ugonjwa uliokuja juzi juzi.

"Mama," akasema Awino, "nyamaza."

Katika maisha yake yote hakuwahi kuniambia hivyo.

Ondieki aliitwa ndani. Alisimama mlangoni, hakukaa. Awino akamwambia kwa Kiswahili, lugha yao ya nyumbani, kwamba ana kifafa tangu utotoni, kwamba ule mkono ni kifafa, kwamba alipomwambia yeye huanguka alimaanisha hivyo. Alisema bila kulia. Ondieki alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wangu alinitazama usoni.

"Mama, ile siku ya sakafu. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanipea chai."

"Nilikupa chai."

Akatoka nje. Hakubamiza mlango. Awino aliketi akitazama mkono wake uliolala tumboni, nami sikuthubutu kumgusa. Nilifikiri ameondoka, na nilifikiri ana haki. Watu walio na makosa madogo kuliko yangu wameachwa peke yao kwenye mabenchi.

Tulikaa hivyo mpaka Sista Risper akaja kututoa, chumba kinatakiwa na mgonjwa mwingine. Tukarudi ukumbini. Benchi lilikuwa limejaa, mama mmoja akasogeza kikapu chake ili tukae. Baadaye kidogo Ondieki alirudi, uso wake una maji. Macho yalikuwa mekundu. Hakuja kwangu. Alichuchumaa mbele ya mke wake.

"Ikija," akasema, "nifanye nini?"

"Usinishike mikono," akasema Awino. "Nilaze na upande. Toa kitu zote ngumu hapo karibu. Halafu ukae na mimi mpaka niamke."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Na mimi niko kwa sakafu na patasi," akasema. Hakucheka, wala Awino hakucheka.

Sista Risper akatuletea fomu ya kumlaza. "Jazeni hapa," akasema. "Jina la mgonjwa, mtu wake wa karibu, na ugonjwa ingine yoyote ako nayo. Kiswahili ni sawa." Nikanyoosha mkono kupokea. Miaka kumi na tisa karatasi za Awino nimezijaza mimi, na pale penye swali la ugonjwa nimeweka mstari. Kalamu nilikuwa nimeshaishika.

"Mpe Ondieki," akasema Awino.

Nikampa. Iliniuma, sidanganyi. Iliniuma kama kunyang'anywa mtoto. Na chini ya maumivu hayo nilisikia kitu kingine, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, shingo bado haiamini.

Ondieki aliweka fomu gotini, akaandika jina polepole kwa mkono wake uliokauka saruji. Akaandika jina lake kama mtu wa karibu. Alipofika penye swali la ugonjwa alisita. "Ile neno inaandikwa aje?" akauliza. Nilitazama huku na huku, benchi lote lilikuwa linatusikiliza. Awino akamtajia herufi moja moja, kwa sauti yake ya saluni, ile inayoshinda kelele za mashine za kukausha nywele: ka, i, fa, a, fa, a. Mama mwenye kikapu alikivuta taratibu upande wa pili. Awino alimwona, akamgeukia mumewe, akamwambia ameruka herufi moja, airudie.